Mdomo wa Eksozi Uliopinda: Kosa la Mbele Linaloonekana Nyuma

Mada iliyowasilishwa katika semina ya mafundi magari na vijana wanaojifunza ufundi, Dar es Salaam



1. Utangulizi

Mada yangu inahusu tatizo tunalolipokea gereji karibu kila wiki. Mteja amenunua sailensa mpya ambayo si ya kiwandani, amefungiwa, kisha akitazama gari kwa nyuma anakuta mdomo mmoja wa eksozi uko chini kuliko mwenzake, umegusa bampa, au umeangalia pembeni. Anarudi amekasirika, na ana haki.

Nataka kuwashawishi jambo moja: mdomo uliopinda ni dalili tu, ugonjwa wenyewe mara nyingi uko mbele, na fundi anayeuvuta mdomo kwa nguvu hadi unyooke hajatibu kitu. Hilo nililijua kwa gharama. Nilipokuwa kijana niliifungia eksozi Subaru yenye sailensa mbili, moja kila upande. Mdomo wa kulia ulikuwa chini kwa upana wa kidole. Nikauinua kwa mkono, nikaufunga kwa waya kwenye ndoano ya bodi, nikapokea hela yangu. Baada ya wiki chache gari likarudi likinguruma, na mteja akilalamika kuwa moshi unanuka ndani. Nikaingia chini. Raba ya eksozi ilikuwa imevutwa upande hadi imechanika nusu. Flanji ya mbele ilikuwa imeachana upande mmoja, kiasi cha kupitisha ubapa wa msumeno wa chuma, na gasketi yake imeungua. Nilipolegeza nati mbili tu, bomba liliruka upande lenyewe. Siku zote hizo lilikuwa linapigana na waya wangu.

Kulirekebisha ipasavyo hakukuchukua hata saa moja. Kumrudishia mteja imani kulichukua muda mrefu zaidi.

2. Eksozi huning'inia

Kijana anayeanza kazi aelewe kwanza kwamba eksozi haijafungwa kwenye bodi kama bampa lilivyofungwa. Mbele imeshikwa na injini, ambayo hutikisika juu ya mauntingi zake. Kuanzia hapo kwenda nyuma huning'inia kwenye raba, ili mtikisiko usiingie ndani ya gari na ili bomba lipate nafasi ya kurefuka likipata joto.

Kurefuka huko si kudogo. Bomba la chuma cha kawaida lenye urefu wa mita 3, joto lake likipanda kwa digrii 200 za Selsiasi, hurefuka takribani milimita 7. Likiwa la chuma kisichoshika kutu cha aina ya 304, hufikia takribani milimita 10. Kwa hiyo mdomo ulioupanga sawasawa na ukingo wa bampa gari likiwa baridi utasogea gari likitoka safari. Ukiuacha karibu mno na plastiki, bampa litayeyuka au rangi itababuka.

3. Hesabu ya digrii moja

Chukua bomba lenye urefu wa mita moja na nusu kutoka flanji ya katikati hadi mdomoni. Flanji ikikaa kombo kwa digrii 1 tu, kiasi ambacho jicho halikioni ukiwa chini ya gari, mdomo utahama takribani milimita 26. Hiyo ni zaidi ya upana wa kidole gumba.

Hali ni hiyohiyo kwa mzunguko. Sailensa moja yenye midomo miwili iliyoachana mita 1.2 ikizunguka kwa digrii 1, mdomo mmoja utakuwa juu ya mwenzake kwa takribani milimita 21. Mteja akisimama nyuma ya gari anaiona tofauti hiyo mara moja.

Ndiyo maana kurekebisha nyuma peke yake hakufai. Ili uurudishe mdomo milimita 26 kwa nguvu, utalazimika kulipinda bomba, kuivuta raba au kuichanua flanji. Ukienda pale digrii ilipopotea, mkono mmoja unatosha.

4. Kulisoma kosa

Kabla ya kushika spana, hakikisha kwanza kwamba bampa lenyewe limenyooka. Magari mengi tunayotengeneza yamewahi kugongwa na bampa likarudishwa kwa kukisia. Simamisha gari mahali pa tambarare, tazama upepo wa matairi, kisha pima kwa futi kutoka sakafuni hadi ukingo wa bampa, kulia na kushoto. Nimewahi kuona mafundi wakihangaika na eksozi asubuhi nzima, kumbe kilichopinda ni bampa.

Bampa likiwa sawa, mdomo unaweza kukosea kwa njia nne.

Mdomo uko juu au chini. Anza na raba. Raba ya zamani hurefuka na kupasuka, na kuifunga sailensa mpya nzito juu ya raba zilizochoka ni kuitafutia lawama. Kisha linganisha vyuma vya kuning'inizia vya sailensa mpya na vya ile ya zamani, maana vinaweza kuwa vimechomelewa kwa urefu au pembe tofauti.

Mdomo umekwenda kushoto au kulia. Kosa liko kwenye flanji au kwenye kona ya bomba linalopita juu ya ekseli. Kama sailensa ni ya kuunga, angalia pia tundu la kuingilia moshi. Kuna zenye tundu katikati na zenye tundu pembeni, na ile ya pembeni ukiifunga kichwa chini, mdomo unahamia upande usiotarajiwa.

Mdomo umetokeza mno au umezama ndani. Tazama pale mabomba mawili yanapoingiliana. Huenda moja limeingia zaidi au pungufu.

Mdomo umelala upande. Sailensa imezunguka kwenye klampu. Hili ndilo rahisi kuliko yote, mradi klampu haijakazwa hadi ikalibana bomba.

Usisahau kutazama mbele kabisa. Bomba la kunyumbulika likikatika, au mauntingi ya injini ikifa, eksozi yote huhama, na hakuna marekebisho ya nyuma yatakayodumu.

5. Utaratibu wa kurekebisha

Gari lipoe kwanza. Linyanyue na uliweke juu ya stendi imara au kwenye lifti. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Legeza viungo vyote kuanzia flanji ya katikati hadi mdomoni, lakini usivitoe. Puliza dawa ya kutu mapema na uipe muda. Raba ikikataa kutoka, ipake maji ya sabuni. Epuka oili na grisi, kwa sababu aina nyingi za raba huvimba na kuoza zikigusa mafuta.

Viungo vikiwa legelege, acha eksozi ining'inie ikae inavyotaka yenyewe. Hapo ndipo itakapokuonyesha ukweli. Sasa panga kuanzia mbele kwenda nyuma: flanji zitazamane sawasawa zenye gasketi mpya, bomba la juu ya ekseli likae katikati ya nafasi yake, sailensa izungushwe hadi iwe sawa na pima maji, kisha mdomo uwe wa mwisho. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Eksozi hukubali kunyooshwa ikiwa bado haijakazwa.

Kaza nati kwa kidole kwanza, tazama tena, ndipo ukaze kwa spana, ukianzia mbele na ukipokezana nati za flanji moja ili ijifunge sawia. Piga alama ya chaki kwenye kila kiungo kabla ya kukaza. Chaki ikiachana, ujue bomba limezunguka mkononi mwako.

Kuhusu klampu, ile ya boliti yenye umbo la U hulikandamiza bomba na kuliachia mfereji, na ukitaka kulizungusha tena kesho haligeuki. Klampu ya bapa inayozunguka bomba lote haiachi jeraha hilo. Mimi hupendelea ya bapa kila mteja anapomudu.

Mwisho lishushe gari litue kwa magurudumu yake. Gari likiwa limenyanyuliwa kwa bodi, ekseli hushuka na nafasi kati yake na bomba huonekana kubwa. Likijaa abiria na mizigo, likipita kwenye matuta, ekseli hupanda na kugonga bomba.

6. Pale kulehemu kunapohitajika

Ikiwa chuma cha kuning'inizia kimechomelewa mahali pasipo pake, kuna wakati hakuna njia ila kukata na kulehemu upya. Usichomelee moja kwa moja. Shika kwa nukta mbili au tatu, rudisha kwenye gari, pima, ndipo umalize, ikiwezekana sailensa ikiwa benchi. Ukilazimika kuchomelea ikiwa garini, toa terminali hasi ya betri, bana waya wa ethi karibu kabisa na unapochoma, na ujue tangi la mafuta na mabomba yake yako wapi. Bomba lililopakwa zinki hutoa moshi wenye sumu likichomwa, hivyo ondoa mipako hiyo kwanza na ufanye kazi penye hewa.

7. Si suala la urembo tu

Wapo wanaosema mdomo kukaa kombo ni habari ya sura. Moshi wa eksozi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Mdomo uliozama chini ya bodi, au flanji iliyoachana kwa kuvutwa, huweza kuuingiza moshi huo ndani ambamo mama amempakata mtoto, vioo vimefungwa na kiyoyozi kinafanya kazi.

Kwa hiyo kila ukimaliza, washa injini ingali baridi, pulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo na utazame povu.

8. Hitimisho na mapendekezo

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, sailensa mpya isifungwe kabla ya kulazwa sakafuni kando ya ile ya zamani na kulinganishwa. Pili, gharama ya raba na gasketi mpya iwekwe kwenye hesabu anayopewa mteja tangu mwanzo, isiwe jambo la kubembelezana baadaye. Tatu, vijana wafundishwe jaribio la mkono kabla ya kukabidhi gari: eksozi ikiwa baridi, shika mdomo, usukume taratibu upande mmoja, uachie. Ukirudi wenyewe mahali pake bila kugonga kitu, eksozi inaning'inia inavyotakiwa. Ukibaki ulikosukumwa, au ukakataa kabisa kusogea, kuna kitu mbele kinauvuta. Rudi chini ya gari ukakitafute.

Nakaribisha maswali, na mwenye gari lenye tatizo hili hapo nje, twendeni tukalitazame pamoja.