Kukagua Usanidi wa Seva ya Wavuti Kabla ya Kuuwasha



Nginx ina amri fupi ambayo kila fundi wa seva anapaswa kuizoea: `nginx -t`. Husoma usanidi wote, hujaribu kufungua vyeti na faili za kumbukumbu zilizotajwa ndani yake, kisha hutoa jibu bila kuigusa huduma inayoendelea. Kwa Apache, kazi hiyo hufanywa na `apachectl configtest`. Amri yoyote kati ya hizi iendesheni kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, la sivyo itakwama kwenye ufunguo wa siri isioruhusiwa kuusoma.

Ukisahau nuktamkato baada ya `listen 80`, jaribio litakataa papo hapo na kukutajia faili na namba ya mstari. Lakini isahau baada ya `server_name`, na mstari wa `root` unaofuata uwe `root /srv/duka;`. Nginx italichukua neno `root` pamoja na njia ile ya saraka kuwa majina mengine ya tovuti. Itaonya tu kwamba jina lina alama za kutiliwa shaka, kisha itatangaza kuwa jaribio limefaulu. Ukiwasha, saraka ya duka haisomwi tena, na wateja wanakuta kurasa hazipo. Kwa hiyo onyo lisomwe kwa uzito uleule wa kosa.

Kuna mtego mwingine kwenye Debian na Ubuntu. Unahariri faili ndani ya `sites-available`, jaribio linapita, na hakuna kinachobadilika, kwa sababu faili hilo halijaunganishwa na `sites-enabled` na seva haikulisoma kabisa. Amri ya `nginx -T`, kwa herufi kubwa, huchapisha usanidi wote uliosomwa kweli. Naiona kuwa amri inayopuuzwa mno.

Jaribio likipita, tumia `reload`, si `restart`. Kwa `reload`, usanidi mpya ukishindikana, nginx hubaki na ule wa zamani na wateja hawahisi lolote. `Restart` huzima kwanza. Kukiwa na kosa, seva haiwaki tena.

Hata hivyo, usanidi ulioandikwa sahihi unaweza kuleta maafa. Tarehe 2 Julai 2019, Cloudflare walisambaza kanuni mpya ya ulinzi duniani kote kwa mkupuo mmoja. Sarufi yake haikuwa na kasoro, lakini ilimaliza nguvu za vichakataji, na tovuti nyingi zikakosa huduma kwa takriban dakika 27. Kwa hiyo mwenye seva zaidi ya moja aanze na moja.

Ombi langu kwa vitengo vyote vya TEHAMA vilivyopo hapa: andikeni `nginx -t && systemctl reload nginx` katika mwongozo wa kazi, na fundi asifunge kazi kabla hajaifungua tovuti yenyewe na kusoma logi ya makosa.