Rais Aliyekaa Mbele ya Treni

Wasikilizaji, leo nilikuwa nimeandaa habari za wale askari wa Kisomali waliopewa makao hapa Isiolo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Zitangoja. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ameniharibia mpango, na ameniharibia vizuri.

Mwalimu anataka kuwapeleka wanafunzi Nairobi likizo ya Aprili wakapande rola kosta. Ameniandikia hivi: "Mtangazaji, kabla sijawachangisha wazazi pesa za basi, niambie. Ule mji wa kitalii wa Isiolo tulioahidiwa, utakuwa na rola kosta? Na utafunguliwa lini?"

Mwalimu, changisha.

Hadithi yenyewe mnaijua, sitawachosha. Ruwaza ya 2030 ilipozinduliwa mwaka 2008 ilitaja miji ya kitalii, na wetu ukapangiwa Kipsing Gap, kiasi cha kilomita 20 magharibi mwa hapa. Machi 2, 2012, Rais Kibaki, Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini wakasimama pale Lamu, wakazindua LAPSSET: bandari, barabara, bomba la mafuta, reli, na mji wetu humo humo. Barabara ya Moyale tumeipata, na tunashukuru. Uwanja wa ndege ulifunguliwa 2017. Reli hatujaona hata msumari wake. Na Kipsing Gap ukienda leo utakutana na mbuzi, tena mbuzi wenyewe watakushangaa unatafuta nini. Maji ya mji huo yalitarajiwa kutoka kwenye bwawa la Crocodile Jaws, juu ya mto Ewaso Ng'iro, na watu wa chini ya mto wakauliza: sasa sisi na mifugo tutakunywa nini? Tangu 2013 wamekuwa wakifuata mto kwa miguu, msafara mzima na ngamia wao, kulikataa bwawa hilo.

Lakini shikeni neno moja hapo: reli na mahali pa kujifurahisha viliandikwa kwenye karatasi moja. Aliyeandika hivyo, sijui kama alijua, alikuwa anafuata historia yenyewe. Maana rola kosta, wasikilizaji wangu, ilizaliwa na reli. Reli ya mizigo.

Nianze na mtu wangu, maana nikichelewa saa itaniishia. Theodore Roosevelt. Alitoka Ikulu ya Marekani Machi 1909, na tarehe 21 Aprili, mwaka huo huo, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Wakapanda treni ya Reli ya Uganda. Sasa, mtu aliyekuwa rais mwezi uliopita, wewe ungemketisha wapi? Behewa la daraja la kwanza, mito, chai, si ndiyo? Hapana! Roosevelt alikwenda kukaa mbele ya injini. Si ndani ya injini. Mbele yake! Juu ya kile chuma kinachochongoka cha kusukuma ng'ombe pembeni mwa reli, palikuwa pamefungwa kiti kirefu, benchi kabisa, na hapo ndipo aliposafiria, pamoja na Kaimu Gavana Frederick Jackson na mwindaji Selous. Nyuma ya migongo yao injini inanguruma, mbele hakuna kioo wala ukuta. Ni reli tupu inakuja, na swala wanaruka pembeni, na lile vumbi jekundu la nyika ya Taru linawaingia mpaka kwenye meno.

Wala hakuwa wa kwanza. Mwaka 1907 Winston Churchill, akiwa naibu waziri wa makoloni, alikalia kiti cha namna hiyo hiyo kwenye reli hiyo hiyo, na akasimulia katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata. Wakubwa wa dunia walikuwa wanapanda bembea yetu, na bila mkanda wa usalama!

Ngoja, kuna mzee amepiga simu kutoka Kambi Garba. Naam, mzee wangu, shikamoo. Anauliza kama huyu Roosevelt ndiye yule aliyewinda hapa mtoni kwetu. Ndiye, mzee! Nilitaka kuficha hilo hadi mwisho, umenipokonya. Baada ya kuwinda tembo upande wa Meru, Roosevelt aliteremka hadi Ewaso Ng'iro, na katika kitabu chake cha safari ile aliupa mto wetu sura nzima. Mji wa Isiolo ulikuwa haujazaliwa. Alikuta twiga wetu wa mabaka ya wavu, punda milia wa Grevy wenye masikio ya duara, na choroa. Akawapiga risasi. Yeye na Kermit kwa jumla waliangusha wanyama 512 katika safari yote, wengi wakaishia kwenye makumbusho ya Smithsonian kule Washington.

Na sikilizeni kichekesho chake. Huko kwenye bustani za burudani, ukirusha mpira ukaangusha makopo unapewa nini? Kidoli cha dubu. Kile kidoli kina jina la utani la Roosevelt, Teddy, kwa sababu mwaka 1902, akiwinda Mississippi, alikataa kumpiga dubu aliyekuwa amefungwa kwenye mti. Dubu wa Mississippi aliepushwa na risasi yake. Choroa wa Ewaso Ng'iro alikuwa na miguu yake minne tu. Mzee asante, tuendelee.

Nilisema reli ya mizigo. Turudi nyuma sana, 1827, Pennsylvania, mji wa Mauch Chunk. Kampuni ya makaa ya mawe ilikuwa na mgodi mlimani, na mto wa kupakilia huko chini, kilomita kama 14. Wakajenga reli inayoteremka. Hakuna injini. Behewa likijazwa makaa linaachiwa, linashuka lenyewe, kuna mtu wa breki basi. Kulirudisha juu likiwa tupu ndiyo kazi, na kazi hiyo walipewa baghala, yule mtoto wa punda na farasi. Wanavuta kutwa kucha kupanda mlima. Kushuka je? Wanapakiwa kwenye behewa lao, na wao wanateremka kama abiria, wanakula njiani!

Wenye punda wa maji hapa mjini mtaniamini nikiwaambia yaliyofuata. Baghala walikolea. Inasimuliwa kwamba wakishazoea kupanda, ukijaribu kuwashusha kwa miguu wanagoma. Piga kelele, vuta kamba, hawaondoki. Hadi uwaletee behewa lao. Mimi huwa nasema hao ndio abiria wa kwanza wa rola kosta duniani, na wa kwanza kugomea nauli.

Watu nao wakaona: kumbe inapendeza. Wakaanza kuja kupanda kwa ajili ya kupanda tu. Mwaka 1872 makaa yakapata njia nyingine, na reli ile ikabaki bila mzigo, ikawa ya watalii peke yao hadi mwaka 1933. Angalieni mpangilio wake: makaa kwanza, raha baadaye. Sisi tuliahidiwa raha na reli kwa mpigo, mzigo wenyewe bado haujajulikana.

Inasemekana reli hiyo ndiyo iliyomtia hamu LaMarcus Thompson. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa soksi, mcha Mungu, na alikuwa anaumia kuona vijana wanamalizia jioni kwenye vilabu vya pombe. Akasema nitawapa raha safi. Juni 1884 akafungua reli yake ufukweni Coney Island, New York: urefu wa mita 180 hivi, kimo cha mita 15. Unapanda ngazi hadi juu, unakaa ubavu-ubavu umeangalia baharini, unaachiwa. Mwendo ulikuwa kama kilomita 10 kwa saa. Kumi! Mkokoteni wa punda ukiteremka vizuri unaukaribia. Mwisho wa reli mnashuka, wahudumu wanasukuma gari juu ya mnara wa pili, mnarudi. Nauli senti tano, na watu walipanga foleni kama ya vitambulisho. Mwaka uliofuata akapata hataza yake.

Msikilizaji mmoja ameandika kwa hasira kidogo: Warusi walianza zamani, waliteremkia milima ya barafu waliyoijenga kwa mbao, na Wafaransa wakaweka magurudumu Paris mwaka 1817. Ni kweli, ndugu. Sikupingi. Lakini wewe nipe baghala wa Mauch Chunk, barafu ya Warusi baki nayo.

Tena kanuni hiyo ya Mauch Chunk, mzigo kushuka kwa uzito wake wenyewe, tulikuwa nayo hapa Kenya! Reli ya Uganda ilifika Nairobi Mei 1899. Mbele kidogo, baada ya Limuru, ardhi inakatika: ukingo wa Bonde la Ufa. Njia ya kudumu ya kuzunguka ukingo ule ingechukua muda, na huko bondeni mafundi wanangoja vyuma. Wakatandika reli mbili sambamba zinazoteremka genge, mahali pengine mteremko mkali ajabu, na kamba ya chuma inayopita kwenye gurudumu huko juu. Behewa lenye mzigo likishuka upande huu, uzito wake unalivuta tupu kupanda upande ule. Wakatengeneza majukwaa maalumu, nyuma yameinuliwa, behewa likikaa juu yake linabaki sawa hata genge likiinama. Hadi mwaka 1901, njia ya kudumu ilipokamilika, vyuma vya kwenda Kisumu vilishukia hapo. Sasa jiulize, mtu anayeshika breki pale juu, akiona kamba inatetemeka, anahisi nini tumboni? Siku hizi watu wanalipia hisia hiyo.

Nimepata na sauti kutoka Abu Dhabi, kijana wetu wa Isiolo anafanya kazi huko. Anacheka. Anasema, mtangazaji, kilomita 10 kwa saa? Njoo huku. Anaisema ile rola kosta ya Formula Rossa huko Ferrari World, iliyofunguliwa Novemba 2010: inafyatuliwa, na ndani ya sekunde tano iko kwenye kilomita 240 kwa saa. Wa kiti cha mbele huvalishwa miwani ya kukinga macho, kwa sababu ya mchanga na wadudu. Anasema alipanda siku ya mapumziko na mpaka jioni alikuwa haongei. Kijana, nakuelewa, lakini Roosevelt alikula vumbi la Taru bila miwani hiyo na bado akateremka akaanza kuhutubia. Ingawa sidhani huyo bwana kuna kitu kingemzuia kuhutubia.

Haya mwalimu, sasa nakujibu na wewe, maana umetufikisha mbali. Nairobi kuna sehemu unazoweza kufikiria. Luna Park ya pale Uhuru Park wazazi wengi wanaijua kutoka utotoni mwao, ila uliza kwanza kama iko wazi. Two Rivers, lile jumba la maduka kwenye barabara ya Limuru, lilifunguliwa Februari 2017, lina lile gurudumu kubwa na rola kosta ya kiasi, si ya kumtoa mtu roho. Piga simu kabla, uliza mashine gani inafanya kazi siku hiyo, na uliza kimo. Mlangoni huwa wanapima watoto kwa kijiti, na mtoto aliyelipa akaambiwa ni mfupi, kilio chake utakisikia hadi Nanyuki. Epuka Jumamosi, ukiweza, na chapati wale baada ya kupanda.

Basi la shule haliruhusiwi kusafiri usiku, kwa hiyo usijidanganye kwamba utakwenda na kurudi siku moja. Ni zaidi ya kilomita 250. Tafuta shule rafiki ya kulala. Mkitoka alfajiri mnapanda Subuiga masikio yakiziba, Timau kuna baridi, watoto waje na sweta.

Halafu, mwalimu, tafadhali sana: siku ya kwanza kabla ya yote, wapeleke Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni ya zamani. Kuna lile behewa ambamo simba wa stesheni ya Kima alimkamata afisa wa polisi Ryall mwaka 1900, hapo hawatapiga kelele. Kuna na kile kiti cha mbele ya injini, chenyewe, walichokalia wageni wa heshima kama Roosevelt. Wape muda wakitazame na wauliziane nani angethubutu. Siku ya pili ndiyo Two Rivers, na kama mafuta ya basi yanatosha, fuata barabara hiyo hiyo ya Limuru, uteremke hadi mahali pa kutazamia bonde kwenye njia ya Mai Mahiu, uwaonyeshe genge ambalo behewa lilishushwa kwa kamba. Usigeuze mpangilio, mwalimu. Wakianza na rola kosta, hakuna atakayekusikiliza habari za benchi.