Mafuta ya Kulainisha Ngozi na Zeri



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya vitu viwili vikaavyo pamoja katika duka, hata watu wengi hudhani kuwa ni kitu kimoja. Cha kwanza ni mafuta ya kulainisha ngozi. Cha pili ni zeri. Vyote viwili hupakwa, lakini kazi zao ni mbalimbali, na mwenye kuvichanganya aweza kumdhuru mtoto wake huku akidhani kuwa anamtibu.

Kwanza tuitazame ngozi yenyewe. Sehemu yake ya juu ni kama ukuta wa mawe uliojengwa kwa udongo. Mawe ni chembe ndogo zilizokufa, na udongo ni mafuta ya asili yazishikayo. Ukuta huu huzuia maji ya mwili yasitoke, na vijidudu visiingie. Upepo mkavu na sabuni kali huyaondoa mafuta hayo. Ndipo ngozi ipaukapo, ikawasha na kupasuka.

Kazi ya mafuta ya kulainisha ni kuziba nyufa hizo. Mafuta ya nazi na ya alizeti ni ya namna hii, na kadhalika mafuta ya mgando, ambayo Mmarekani mmoja, Robert Chesebrough, alipata hati ya kuyatengeneza kutokana na mafuta yachimbwayo ardhini, mwaka 1872. Mafuta haya hayahitaji harufu wala ukali. Hupakwa mwili mzima, tena kila siku. Na wakati ulio bora ni mara baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu, kwa sababu mafuta hayaleti maji, bali huyafungia yaliyomo.

Zeri ni kitu kingine. Hapo kale ilikuwa utomvu wenye kunukia wa miti iliyo jamaa ya mmanemane, uotao Somalia na kaskazini ya Kenya. Siku hizi jina hili hutumika kwa mchanganyiko mzito wa nta na mafuta, upakwao mahali padogo, kama midomo au visigino vilivyopasuka. Zeri ya nta na mafuta matupu hulainisha pia. Lakini ziko zeri zilizotiwa dawa kali: mentoli itokayo katika mnanaa, mafuta ya karafuu, na kafuri, ambayo pwani huitwa karafumaiti. Hizo ni za kuchulia viungo vilivyochoka, wala si za kulainisha ngozi.

Hapa ndipo penye hatari. Mtu apakapo zeri hiyo husikia baridi, akadhani ngozi imepoa. Sivyo. Mentoli huamsha tu mishipa ya fahamu itambuayo baridi. Moto uliomo katika ngozi hauondoki kwa hayo. Basi mtoto akiungua kwa uji, msimpake zeri, wala mafuta, wala samli. Wazee husema, "Dawa ya moto ni moto," lakini methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya ngozi iliyoungua. Mmiminieni maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa muda wa dakika 20. Kisha mfunikeni jeraha kwa kitambaa safi, mkampeleke hospitali.

Tena, mtoto aliye chini ya miaka 2 asipakwe kabisa zeri yenye kafuri, wala mtu mzima asiipake penye kidonda au ndani ya pua. Mtoto akiila, hata kidogo, aweza kushikwa na degedege. Kwa hiyo kikopo chake kiwekwe juu, mahali asipofikia.

Basi kumbukeni neno hili: ngozi kavu yataka mafuta yasiyo makali, kila siku, zeri kali ni ya mtu mzima, mahali padogo, penye ngozi nzima, na penye kuungua, yatangulie maji.