Kuhesabu Popo, Kuhesabu Watu

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama, Manono, baada ya mkutano wa mwezi



Prezidenti wetu aliniomba niseme juu ya ile miti tatu ya maembe iko nyuma ya masomo, yenye popo. Alisema: "Weye ulisoma mambo ya wanyama, tuambie kama tukate ao tusikate." Wengi wenu munanijua kama mutu wa ONG, yule wa pikipiki na makaratasi ya kuandikisha familia. Hamujui kama kazi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa kuhesabu popo. Nitawaeleza, na ndani yake kuna jambo moja la haya. Nalo nitalisema.

Familia yetu ilitoka hapa wakati wa vita, tukafika Zambia, kambi ya Kala. Baadaye mjomba akaniita Kampala, nikasomea huko. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alipaswa kufanya staji. Wenzangu walipata benki, wengine maofisi. Mimi niliambiwa: wanyama wa mjini. Nikafikiri watanipeleka kwa tembo. Nikapewa daftari, kalamu na kofia. Ile kofia ilikuwa juu ya mavi ya ndege.

Kampala kuna ndege mukubwa, marabu, kichwa hakina manyoya, wenyeji wanamuita kaloli. Anakula takataka na mabaki ya machinjio, anajenga kiota juu ya miti ya barabarani. Profesa Derek Pomeroy wa Makerere aliwafuata ndege hao kwa miaka mingi sana, akihesabu viota. Asubuhi nilihesabu viota. Jioni nilihesabu popo.

Popo wale ni wakubwa, wanakula matunda, mabawa yakifunguliwa yanakaribia sentimeta 75. Kuna sehemu ya mji inaitwa Bat Valley, maana yake Bonde la Popo. Katika miaka ya 1960 mtaalamu mmoja, Mutere, aliwachunguza popo wa Kampala na akagundua jambo ambalo bamama watalipenda. Mama popo akishika mimba, ile mimba inasimama kwanza, haikui kwa miezi kadhaa. Inangojea. Kisha inaanza kukua, mpaka mutoto anazaliwa wakati mvua inakuja na chakula kiko. Na anazaa mutoto mumoja tu kwa mwaka. Panya ukimuua leo, kesho kutwa wako kumi. Popo si vile.

Namna ya kuhesabu ni hii. Jua likizama, mutu mumoja anasimama upande huu wa miti, mwingine upande ule. Kila mumoja anahesabu wanaotoka upande wake na kuandika peke yake, bila kuangalia daftari ya mwenzake. Saa moja nzima shingo iko juu. Ukimaliza, nyota zenyewe unaziona zinatembea.

Sasa jambo la haya. Siku moja mwenzangu alikuwa na malaria. Mvua ilinyesha tangu mchana, na mimi sikuwa nimekula. Nikaingia kwa mama mmoja wa chapati, nikakaa. Saa ya popo ikafika, nikafungua daftari pale pale mezani. Jana ilikuwa 3,150. Juzi 3,300. Nikaandika 3,200. Namba nzuri, haina makelele. Nikalala vizuri.

Kesho yake msimamizi wangu akasoma, akanyamaza, akaniuliza pole pole: "Hawa popo wako 3,200 walitoka kwenye miti ipi?" Nikajibu: "Ile ya kalitusi, kama kila siku." Akanichukua kwa miguu hadi pale. Miti ilikuwa chini. Mwenye kiwanja aliikata jana yake mchana, mbele ya mvua. Nilikuwa nimeandika popo 3,200 wakitoka kwenye kuni.

Hakunifukuza. Alisema neno moja ambalo ninalibeba mpaka leo: "Siku moja tu ndiyo tulihitaji macho yako, na ni siku hiyo hukuwepo." Wangapi walihama, walielekea wapi, hakuna aliyejua. Miti ile ilikuwa na wahesabuji, na saa ya kuhesabu haikuwa na mutu.

Bandugu, juu ya nini ninawaambia hii? Juu ya liste. Baada ya vurugu za 2016 na 2017, wengi wetu tulirudi tukakuta nyumba zimeungua. Mimi nilikuwa nimeanza kazi hii. Kijana mmoja akaniletea karatasi ya kijiji: nyumba 40, kila nyumba watu 5. Arobaini mara tano, 200. Namba nzuri, haina makelele. Nikaitazama, nikaona maandiko yangu mwenyewe ya Kampala. Nikamuuliza: "Ulifika?" Akaangalia viatu vyake. Tulienda pamoja. Kile kijiji hakikuwepo tena. Watu walikuwa wametawanyika kwa ndugu, nyumba moja ilikuwa na watu kumi na saba. Mama mjane mwenye watoto wanne hakuwa kwenye karatasi, kwa sababu hakuwa na nyumba ya kuhesabiwa. Kama tungepeleka liste ile, turubai na mbegu zingefika kwa kuni, sawa popo wangu.

Na liste yetu hapa, ya sanduku la msaada? Sitaki kuumiza mutu. Lakini kuna avenyu ambazo namba yake haijabadilika tangu mwaka juzi. Hakuna aliyekufa? Hakuna aliyezaa? Hakuna aliyerudi?

Sasa turudi kwa miembe.

Musinisikie vibaya: popo si muchezo. Mwaka 1956, kule Nijeria, popo wa aina ile ile walikutwa na kirusi ambacho ni ndugu ya kile cha kichaa cha mbwa. Ebola, tunayoijua tangu Yambuku 1976, wataalamu wanashuku aina kadhaa za popo. Kwa hiyo woga wa bamama ni woga wa akili. Lakini fikirieni: tukikata, popo hawafi. Wanahamia muembe wa jirani, labda juu ya kisima. Tukiwapiga mawe, wenye kuumia wanaanguka, na anayeokota ni mutoto. Hatari iko kwenye mkono unaogusa. Popo akilala juu ya muti, hana shida na weye.

Na wana faida. Watafiti huko Ghana waliona popo wa aina hii anaweza kubeba mbegu ndogo tumboni hadi kilometa 75. Miti mingine tunayokata makaa ilipandwa na wao. Tena ni watu wa safari. Kasanka, kule Zambia, mamilioni wanakusanyika kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba. Watafiti walifunga vyombo vidogo kwa popo wanne wa pale, wakatangaza matokeo mwaka 2008: walielekea kaskazini wakaingia kwetu Congo, na mmoja safari yake yote ilipita kilometa 2,000. Sisi tulivuka mpaka ule ule na makaratasi mkononi, tukingojea lori.

Pendekezo langu ni hili. Miti isikatwe. Tuzungushe fito chini yake, watoto wasicheze pale, na benchi zihamishwe. Embe lenye alama ya meno litupwe. Popo aliyeanguka, hapana kumugusa, hata amekufa. Muite mutu mukubwa mwenye jembe. Mavi makavu yamwagiwe maji kwanza, kisha yafagiliwe mdomo umefunikwa. Mutoto akiumwa na popo ao kukwaruzwa, osha na sabuni na maji mengi dakika 15, halafu hospitali siku ile ile, hapana kungojea kesho.

La pili: liste yetu ifanywe upya, namna ya popo. Kila avenyu watu wawili, kila mumoja na daftari yake, wasionyeshane. Namba zikipishana, warudi mulangoni waulize tena. Avenyu ya masomo nitaihesabu mimi, na ninaomba mwenzangu awe mutu asiyenipenda sana.

Jumamosi saa kumi na mbili za jioni nitakuwa chini ya ile miembe. Anayetaka kujua popo ni wangapi, aje na daftari. Kofia muhimu.