Motokaa ya Zamani na ya Sasa: Ipi Itufaayo?

(Mazungumzo mbele ya wanachama wa tawi)



Jumapili tulikuwa chini ya mibuyu ya Mama Ngina, twatazama feri ya Likoni ikivuka, ikafika Peugeot 404 imembeba bibi arusi. Watu wote wakaizunguka. Nyuma yake ilisimama Toyota Axio, wala hakuna aliyeitupia jicho. Wenzetu wawili wakakata shauri pale pale: wakipata mkopo wa chama cha akiba, watanunua motokaa ya zamani wapakie abiria. Ndiyo sababu tumeombwa tuseme machache.

Sifa za 404 ni za kweli. Ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960, ikashika nafasi ya kwanza katika mashindano ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, katika matope na mawe ya nchi zetu. Ukifunua boneti waona kabureta, plagi na pointi kwa macho. Fundi mwenye spana, bisibisi na kipande cha msasa aweza kuifufua njiani.

Axio si hivyo. Petroli yake hupimwa na kompyuta, na ikiharibika yahitaji mashine ya kusomea hitilafu. Fundi asiye nayo hubahatisha, na mwenye gari ndiye alipaye.

Lakini, ndugu, tupime na roho za watu. 404 za awali zilikuwa na breki za ngoma magurudumu yote manne, na breki za namna hiyo zikipata joto kwenye mteremko hulegea. Axio ina breki zisizoacha magurudumu kukwama, mikanda, na mifuko ya hewa. Watu huicheka kuwa ni bati tupu kwa sababu hubonyea upesi. Kubonyea huko ndiko kuokoako! Sisi wa reli twajua: bafa ya behewa ina springi ndani ili imeze pigo. Bodi isiyobonyea humpa abiria pigo zima.

Basi, kwa arusi kodini ya zamani. Kwa abiria wa kila siku nunueni ya sasa. Na kwa kuwa mtanunua iliyokwisha tumika, washeni swichi mtazame taa ya mifuko ya hewa: yapasa iwake kidogo kisha izimike. Isipowaka kabisa, au isipozimika, msitoe fedha.

Neno la mwisho. Wazee wetu walituhadithia ya kuwa dizeli ilipoingia relini, aliyejua boila peke yake aliachwa nyuma. Kwa hiyo twaiomba halmashauri ya tawi mambo mawili: mkopo usitolewe kabla gari halijakaguliwa, na vijana wetu wafundishwe umeme wa magari, wala wasisahau spana.