Yupi Angemwangusha Mwenzake?

Wazee wenzangu tuliosoma hapa, na ninyi vijana ambao bado mnapigiwa kengele:

Nimeombwa niseme juu ya ule ubishi usiokwisha bwenini: kati ya Muhammad Ali na Rocky Marciano, nani angemwangusha mwenzake? Marciano alistaafu mwaka 1956, mapambano 49, yote ameshinda. Ali alipata ubingwa wa dunia mwaka 1964. Ulingoni hawakukutana kamwe.

Wako waliotaka kuumaliza ubishi huu kwa mashine. Mwaka 1969 mabingwa hao wawili waliingizwa studio huko Miami, wakapigwa picha za sinema wakirushiana ngumi za kuigiza, na miisho ya namna mbalimbali ikatengenezwa. Kompyuta, tuliambiwa, ndiyo itakayoamua. Marciano alifariki kwa ajali ya ndege tarehe 31 Agosti, 1969, filamu haijatoka. Ilipoonyeshwa Januari 1970, Wamarekani walimwona Marciano akimlaza Ali raundi ya 13. Uingereza wakaonyeshwa mwisho mwingine, mshindi ni Ali! Jamani, ni mashine gani hiyo inayobadili hukumu ikivuka bahari?

Tena kumbukeni hali ya Ali wakati ule. Mwaka 1967 alinyang'anywa ubingwa na leseni kwa kukataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Mtu aliyenyimwa ulingo wa kweli akapewa wa kuigiza, na humo akaangushwa mbele ya watu wake. Mimi hapo sicheki.

Basi mkibishana, ulizeni kwanza: bondia wa mwaka gani? Joe Louis na Marciano walikutana kweli, New York, tarehe 26 Oktoba, 1951, na Louis akatupwa nje ya kamba raundi ya 8. Lakini Louis yule alikuwa na miaka 37, anapigana huku serikali inamdai kodi. Yule aliyemmaliza Max Schmeling mwaka 1938 katika raundi ya kwanza alikuwa mtu mwingine kabisa. Vivyo hivyo Ali aliyepigwa na Larry Holmes mwaka 1980 asiletwe hapa kuwa shahidi.

Mimi namchukua Ali wa Novemba 1966, aliyemshinda Cleveland Williams raundi ya 3. Alikuwa na zaidi ya ratili 210. Marciano katika ubingwa wake hakufika 190, na mkono wake ulikuwa mfupi kwa kama inchi 10. Uso wake nao ulichanika upesi. Angekuja mbele tu, kama kawaida yake, na kila hatua ingemgharimu damu. Mwamuzi angesimamisha pambano raundi ya 10 au ya 11.

Watu wa Marciano, naona mikono imeshanyooka. Hoja nzito mnayo: mwaka 1952 Jersey Joe Walcott alikuwa akimwongoza kwa pointi hadi raundi ya 13, kisha ngumi moja ya kulia ikamlaza. Haya, simameni mnijibu. Aanze yule wa dirishani, amenyoosha mkono tangu nilipotaja Miami.