Kwa Nini Sinema ya Vijana Ibaki Bila Kiingilio

Ndugu wanakamati wa parokia, ndugu wafadhili,

Tungependa kuzungumzia jioni ya sinema tunayowaandalia wanafunzi wa shule za upili.

Baadhi yenu mmependekeza tutoze kiingilio kidogo, kifidie mafuta ya jenereta. Tumelitafakari jambo hilo na tunaona halifai. Kibanda cha video pale sokoni nacho hutoza kidogo tu. Asiye na kitu atabaki nje ya milango yote miwili, na huyo ndiye tunayemtafuta.

Filamu tunazichagua kwa makini. "The First Grader", ya mwaka 2010, inamhusu Mzee Kimani Maruge, Mkenya aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. "The Boy Who Harnessed the Wind", ya mwaka 2019, inamhusu William Kamkwamba wa Malawi. Aliacha shule kwa kukosa karo, akajifunza kwa vitabu vya maktaba hadi akaunda kinu cha upepo cha kuzalisha umeme. Kijana aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo anajiona humo. Katika mazungumzo baada ya filamu ndipo husema yanayomsumbua.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu: mafuta ya jenereta, ada ya kibali, kwani kununua diski dukani hakutupi haki ya kuionyesha hadharani, na wazazi wa kuwasindikiza wasichana hadi nyumbani.